Urafiki wa Shilingi Ishirini

Kisa hiki nimekitunga, lakini hakuna jambo ndani yake ambalo halitokei. Nakisimulia kwa ajili ya wazazi na walimu walio na mtoto mwenye akili ya hesabu, anayesema kweli bila kupima ni nani anayesikiliza, na ambaye wakati wa mapumziko huonekana amesimama peke yake kando ya ukuta.

Palikuwa na msichana wa miaka 11 aliyeishi na mamake Lindi, kijiji kimojawapo cha Kibera, kwenye mteremko unaoshuka kutoka reli kuelekea Mto Ngong. Mama huyo aliuza chapati na madondo kando ya njia, na majirani walimwita Mama Chapo. Pamoja nao aliishi binti wa miaka 17, mtoto wa dadake Mama Chapo, aliyekuja kutoka Busia baada ya kukosa karo. Binti huyo ndiye aliyesukuma chapati, akachota maji, na kila alfajiri akachukua pesa kwenye mkebe na kwenda dukani kununua unga wa siku hiyo. Msichana mdogo alimwita dada.

Shuleni, ng'ambo ya reli, msichana huyu alikuwa Gredi ya 6, na wenzake walimpa jina la Sensa. Jina hilo alilipata siku ambayo wageni wa shirika fulani walitembelea shule. Mmoja wao aliwaambia wanafunzi kwamba wametoka katika mtaa wenye watu zaidi ya milioni moja. Msichana akasimama papo hapo. "Si milioni. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Ile ya 2019 ilihesabu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra." Alikuwa ameyasoma hayo kwenye gazeti kuukuu la kufungia chapati, na alikuwa amesema kweli. Ile milioni imerudiwa kwa miaka mingi, ingawa hesabu ya serikali haijawahi kuikaribia.

Mgeni alitabasamu, darasa likaangua kicheko, mwalimu akainamisha uso. Wageni walipoondoka, mwalimu alimwita msichana kando. "Umeniaibisha mbele ya wageni," alisema. Msichana akamuuliza ni namba gani aliyoikosea. Mwalimu aliona huo ni ujeuri, akampa adhabu ya kufagia darasa. Lakini mtoto hakuwa amejibizana na mtu. Aliuliza kwa sababu hakujua kosa lake, akafagia darasa lote, na jioni akarudi nyumbani bado hajui.

Mambo kama hayo yalimwandama. Wakicheza kati, aliusimamisha mchezo kila mpira ulipomgusa mtu akakataa kutoka, na hakukubali uendelee mpaka haki itendeke. Wenzake husameheana makosa madogo ili mchezo usife, lakini yeye hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. Msichana mmoja alikuja Jumatatu amesukwa upya, akauliza kundi zima kama amependeza. Sensa alimchunguza kwa makini, akamjibu kwamba mistari ya upande wa kushoto imekwenda kombo. Alidhani anamsaidia, ili arudi kwa msusi arekebishiwe. Kufikia mwisho wa juma hilo hakuna msichana aliyetaka kukaa naye dawati moja.

Watu wazima humtazama mtoto wa namna hii wakasema anapenda upweke. Sensa hakuupenda. Alitaka marafiki kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, ila hakujua wanapatikanaje, na kila alipojaribu alijikuta amevunja kanuni ambayo wenzake wote walionekana kuijua tangu kuzaliwa.

Ndipo likaja somo la Kiswahili. Mwalimu aliandika ubaoni: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akaeleza kwamba rafiki wa kweli ni yule anayekusaidia unapokuwa na shida. Wanafunzi wengine walinakili methali wakaisahau. Sensa aliishika. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwambia kwa maneno wazi urafiki ni kitu gani.

Siku iliyofuata, wasichana watatu wa darasa lake walisimama nyuma yake katika foleni ya chakula cha mchana, ile ya mpango wa Dishi na County, ambao tangu 2023 umewapa wanafunzi wa shule za umma Nairobi chakula kwa shilingi 5. Watoto walikuwa wakipita mmoja mmoja, wakigusisha bangili zao kwenye mashine. Mmoja wa wale watatu akamgusa bega. "Sensa, sisi tuko na dhiki," alisema huku akicheka. "Leta mbao tuongezee ya smoki, ndio uwe beshte yetu."

Sensa aliuliza swali moja tu. "Kila siku, au mara moja?"

Wakatazamana. "Kila siku."

Mbao, yaani shilingi ishirini, alijua atakakoitoa. Miezi kadhaa nyuma, mamake akiwa ameloweka miguu kwenye beseni baada ya kusimama kutwa nzima, alikuwa amemwambia kwa mzaha: "Mwanangu, ukinihesabia hizi pesa bila kukosea hata shilingi, kila siku nitakulipa ishirini." Mama Chapo alicheka, na kufikia asubuhi alikuwa amesahau. Mtoto hakusahau. Kwake hayo yalikuwa makubaliano, ila mpaka siku ile ya foleni hakuwa na haja ya kudai malipo yake.

Tangu hapo, kila jioni alizipanga sarafu mezani kwa mafungu: zenye tembo, zenye simba, zenye kifaru na zenye twiga. Alimtajia mamake jumla. Kisha mama akiwa amesinzia, alichukua sarafu moja yenye tembo, akaitia ndani ya soksi, na kuandika katika daftari la miraba lenye safu nne: tarehe, mauzo, malipo yangu, urafiki. Ijumaa na Jumamosi jioni hakuchukua kitu, kwa kuwa kesho yake hakukuwa na wa kumlipa.

Mwanzoni mpango ulikwenda vizuri. Wale watatu walimruhusu kukaa nao na kucheza nao, ingawa katika kati kazi yake ilikuwa kuuokota mpira uliotumbukia mtaroni. Aliandika "tumecheza" na akaridhika. Siku moja mvua ilinyesha mchana kutwa na Mama Chapo hakuuza kitu, na kesho yake Sensa alikwenda shuleni bila sarafu. "Leo hauko na sisi," waliambiana mbele yake. Hilo pia alilielewa. Hakulipa, basi hakupata.

Nyumbani, Mama Chapo alianza kuona upungufu. Usiku aliambiwa jumla, na alfajiri mkebe ulikuwa pungufu ya shilingi ishirini. Kwa mwanamke anayeishi kwa faida ya chapati, shilingi mia moja kwa wiki si pesa ya kupuuza. Na aliyeushika mkebe kila alfajiri alikuwa binti wa dadake. Laiti mtu angeangalia vizuri, angeona kwamba asubuhi za Jumamosi na Jumapili mkebe haukupungua kamwe. Hakuna aliyeangalia.

Usiku mmoja aliwaita wote wawili. "Ni nani ananiibia?"

"Si mimi, mama mdogo," binti alisema.

"Hakuna anayeiba," Sensa naye akasema, na alimaanisha alichokisema. Malipo si wizi. Lakini mamake alisikia mtoto anamfichia dadake. Kama angeuliza, "Ni nani anatoa pesa kwenye mkebe?" angejibiwa palepale, pamoja na tarehe.

Jirani alipoulizwa ushauri, alijibu kwa methali yake: kikulacho ki nguoni mwako. Wiki ya sita, binti alipandishwa basi la Busia na mfuko wake wa nguo. Hakutukanwa wala hakupigwa, lakini njia nzima ilijua sababu. Mtu pekee ambaye hakuijua alikuwa Sensa. Alipouliza dada ameenda wapi, mamake, kwa kumwonea huruma, alimwambia: "Ameenda kumwona nyanya." Mtoto aliamini, kwa kuwa aliambiwa. Angeambiwa kweli wakati huo, angeleta daftari lake, na binti angerudishwa kwa basi la kesho yake.

Wiki iliyofuata mkebe ulikuwa pungufu ya shilingi ishirini tena. Mama Chapo aliuelewa uzito wa alilolifanya, lakini aibu ikamfunga mdomo. Siku zikapita akiwashuku majirani na akiogopa kuipiga simu ya Busia.

Mambo yalifichukia shuleni. Wale watatu walipandisha bei: sasa walitaka hamsini. Sensa alikataa. "Tulikubaliana ishirini," alisema, wakamfukuza. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya darasa kabla ya mwalimu kuingia, akafungua daftari na kusoma kwa sauti: "Nimelipa siku 43. Jumla ni shilingi 860. Mmecheza nami siku 31. Siku 12 nililipa na hamkucheza. Mnanidai sifuri. Ninawadai shilingi 240."

Darasa lilicheka, halafu likanyamaza. Mmoja wa wale watatu akapiga kelele: "Mwizi! Anaiba pesa za mamake!" Akamrukia kulinyakua daftari, na mwalimu wa Kiswahili alipoingia aliwakuta wakivutana, kurasa zimetapakaa sakafuni.

Mwalimu huyo alifanya jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelifanya. Mama Chapo alipofika ofisini na aproni yake ya unga, mwalimu hakumuuliza mtoto kwa nini ameiba. Alizipanga kurasa mezani akamwambia, "Nieleze kila safu hapa ni ya nini." Sensa alieleza bila woga, safu baada ya safu. Alipofika kwenye "malipo yangu" akarudia maneno ya mamake vilevile alivyoyasema usiku ule wa beseni, Mama Chapo aliyakumbuka.

"Na dada yako?" aliuliza akilia.

"Dada ameenda kumwona nyanya," mtoto alijibu.

Jioni hiyo Mama Chapo alipiga simu Busia na kuomba msamaha. Binti alimsamehe, lakini hakurudi. Habari ilikuwa imemtangulia kijijini, na huko alikuwa tayari anaitwa yule aliyefukuzwa Nairobi kwa wizi. Shilingi 860 ni pesa ya kuuza chapati na kuirudisha. Jina la mtu haliuzwi dukani.

Mwalimu alikuwa na swali la mwisho. Alikuwa amemwona Sensa mara nyingi akirudi nyumbani na mvulana mmoja wa darasa lake, wakisimama kando ya reli kuhesabu mabehewa ya treni ya abiria inayoelekea Kikuyu, wakibishana kama injini nayo ihesabiwe.

"Huyu umemlipa shilingi ngapi?"

"Sijamlipa. Hakuomba."

"Sasa kwa nini huja?"

Mtoto alifikiri. "Anapenda kuhesabu treni."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Basi huyo ndiye rafiki," mwalimu alisema. Kisha akachukua kalamu, akamwandikia katika ukurasa wa mwisho wa daftari: Rafiki halipwi ili aje. Dhiki ni haja ya kweli, hamu ya smoki si dhiki. Mtu akikuambia ulete pesa ndio uwe rafiki, mwambie mama siku hiyohiyo. Mtu akikuuliza kama amependeza, mtajie jambo moja zuri unaloliona kweli. Makosa yaseme akikuomba.

Kisa kimeishia hapo. Mafunzo yake ni haya.

La kwanza ndilo kubwa. Wapo watoto ambao kanuni za urafiki haziwaingii kwa kutazama tu. Wanahitaji kuambiwa kwa maneno, wapewe mifano, na warudiwe, kama wanavyofundishwa kugawanya. Mtoto wa aina hii akikosa mtu mwema wa kumfundisha, atafundishwa na wale wanaotaka kumtumia. Methali aliyoisikia Sensa ilikuwa ya kweli. Iliachwa nusu tu, bila mtu kumweleza dhiki ni nini na mwisho wa kusaidia uko wapi, na nusu iliyobaki ilijazwa na wasichana watatu wenye hamu ya smoki.

La pili, tutenganishe ukweli na namna ya kuusema. Mtoto aliyemsahihisha mgeni alistahili kusifiwa kwa kusoma, kisha aonyeshwe jinsi ya kusahihisha: inua mkono, ngoja uitwe, au umwambie mwalimu baadaye. Ukimwadhibu bila kumweleza, anachojifunza ni kwamba watu hukasirika bila sababu. Tena sheria iko wazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtendea mwanafunzi ukatili au kumdhalilisha, kimwili na kiakili pia. Kumfanya mtoto kichekesho cha darasa ni madhara, hata kama hakuna kiboko kilichoinuliwa.

La tatu, uliza kilichotokea kabla ya kutaja kosa. "Nani ameiba?" tayari ni hukumu, na mtoto anayeyapima maneno kama yalivyo atajibu hukumu hiyo, wala hutapata habari unayoitafuta. Na usimdanganye kwa kumwonea huruma. Uongo mdogo wa Mama Chapo kuhusu safari ya kwa nyanya ndio uliomfunga mikono mtu pekee aliyeweza kumwokoa binti.

La nne, zijue dalili za mtoto anayetumiwa. Kalamu zinaisha haraka. Chakula alichofungiwa hakimtoshi. Katika mchezo ndiye mwokota mpira siku zote. Anawataja marafiki wengi lakini hakuna anayepita nyumbani. Tuache pia majina ya mtaani, kwamba amerogwa au ana kiburi, kwa sababu jina likishakaa hakuna anayechunguza tena.

La tano, mzigo wa kuelewana si wa mtoto mmoja. Baadhi ya watoto wa namna hii wana usonji, yaani autism. Mwaka 2012 mtafiti Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili: kila upande unashindwa kumsoma mwenzake. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Edinburgh waliwapa watu hadithi waipokezane mmoja hadi mwingine. Kundi la wenye usonji watupu liliihifadhi hadithi sawa na kundi la wasio na usonji. Ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Kwa hiyo mwalimu anayemfundisha Sensa jinsi ya kuzungumza na darasa, alifundishe pia darasa jinsi ya kuzungumza na Sensa. Wale wasichana watatu nao ni watoto wetu, na hakuna aliyewaambia kwamba kumuuzia mtu urafiki ni kumwibia.

Sisemi kwamba kila mtoto wa namna hii ana usonji. Wengine wana hulka hiyo tu. Lakini kukiwa na shaka, tusingoje, hasa kwa wasichana. Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943 aliwaeleza watoto 11, na wavulana walikuwa 8. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliwaeleza wavulana wanne watupu. Hivyo kwa miaka mingi watu wamezoea kumtazamia mvulana, na msichana akapita akiitwa mpole au mkaidi. Nchini Kenya kuna vituo vya EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambapo mzazi anaweza kumpeleka mtoto akapimwa mahitaji yake ya elimu. Mwalimu mkuu wa shule ya umma anapaswa kujua kituo kilicho karibu, na mzazi ana haki ya kumuuliza.

Kazi nyingine haingoji kituo chochote. Leo mtoto akirudi kutoka shule, usimuulize tu kama siku ilikuwa njema, maana atajibu "ndiyo" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize alicheza na nani, alikuwa na kazi gani katika mchezo huo, na ni nani alimwomba kitu. Akikuletea jibu lenye tarehe na jumla, keti naye mlipitie safu kwa safu mpaka mwisho, kabla hujamlaumu mtu yeyote.